Walioanza Ukoo Upya: Majina ya Freretown na Majengo

Katika Majengo ya Pumwani, jijini Nairobi, wazee wanapohesabu mabibi waliojenga nyumba za kwanza, kuna jina ambalo huwa halikosekani: binti Abdallah. Huyu Halima binti Abdallah, yule Zainabu binti Abdallah, na mwingine Mariamu binti Abdallah. Mabibi hao hawakuzaliwa tumbo moja, na wengi wao hawakuwa hata wa kabila moja. Mmoja alitoka Kiambu, mwingine Ukambani, mwingine kwa Wamanyema waliofuata misafara kutoka Kongo.

Ukivuka Jogoo Road, mwendo wa miguu tu kutoka hapo, unafika mtaa wa Mbotela. Jina hilo ni adimu sana nchini Kenya. Linajulikana kwa ukoo mmoja, na ukoo wenyewe chimbuko lake ni mtu mmoja aliyeshushwa pwani kutoka kwenye jahazi la watumwa. Na kule Mombasa, katika kumbukumbu za Kanisa la Anglikana, wamo makasisi Waafrika wa karne ya 19 walioitwa Semler na Deimler, majina ya ukoo ya Kijerumani ambayo hata Ujerumani si ya kila mtaa.

Majina haya ni ya watu waliopatwa na jambo moja. Ni watu waliotengwa na koo zao, wakalazimika kujibu swali ambalo kila mzee wa Kiafrika humuuliza mgeni: wewe ni wa nani? Jibu la kwanza liliandikwa na wamisionari, la pili likatolewa msikitini, na la tatu alilishika mwenyewe aliyetekwa, akakataa kuliachia. Eastlands ya Nairobi imerithi yote matatu, na historia yake ni historia ya watu walioanza ukoo upya.

Wajerumani wa Rabai na watoto wa Nasik

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miaka miwili baadaye akaja Johannes Rebmann, wakafungua kituo chao Rabai. Wote wawili walikuwa watu wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, ingawa lililowatuma ni shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS. Shirika hilo halikupata Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda ng'ambo, kwa hiyo likachukua vijana waliosomea chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Ndivyo majina ya Kijerumani yalivyoingia katika historia ya pwani yetu miaka 40 kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa Tanganyika.

Kwa Wajerumani hao, jina la ukoo lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa zamani. Babu fulani aliitwa kwa kazi yake au kijiji chake, jina likamganda, likarithiwa na watoto na wajukuu hata kama hawakuijua tena ile kazi. Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Rebmann ni mtu wa mizabibu, na Semler ni mwokaji wa mikate myeupe ya ngano. Wasiokuwa na majina ya namna hiyo walilazimishwa kuwa nayo. Mwaka 1787 Kaisari Joseph II wa Austria aliamuru Wayahudi wa himaya yake wachukue majina ya ukoo ya Kijerumani, kwa kuwa serikali ilitaka kumjua kila mlipa kodi na kila kijana wa kupelekwa jeshini. Kati ya jamaa wa Wajerumani, watu wa Iceland ndio walioshikilia desturi ya kale. Huko hadi leo mtoto huitwa kwa jina la babake, mwana wa fulani au binti wa fulani, vilevile kama bin na binti zetu.

Wakati huohuo manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bombay. Karibu na mji wa Nasik, CMS ilikuwa na kijiji kiitwacho Sharanpur. Hapo watoto wa Kiyao, Kinyasa na wa makabila mengine walifundishwa useremala, uhunzi, kusoma na kuandika, kisha wakabatizwa. Miongoni mwa wamisionari wa upande huo wa India walikuwamo Wajerumani pia, kama Isenberg na Deimler. Ubatizo ulikuja na jina jipya la kwanza, na mara nyingi na jina jipya la ukoo: la mmisionari, la mfadhili wa Ulaya au la mtu mashuhuri. Mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chengwimbe aliondoka Nasik akiwa Matthew Wellington. Mwenzake akawa Jacob Wainwright, jina la Kiingereza cha kale lenye maana ya fundi wa magari ya kukokotwa.

Vijana hao wawili walikuwamo katika kundi lililotumwa mwaka 1872 kumfuata David Livingstone bara. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko pale moyo wake ulipozikwa chini ya mti wa mpundu. Kisha akachukua kisu akachonga gome la mti. Alichonga jina la Livingstone, tarehe 4 Mei 1873, na chini yake majina ya wenzake watatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Kipande cha shina hilo kilikatwa baadaye kikapelekwa London, kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia. Jina la aliyechonga halimo. Kijana aliyejua kuandika kuliko wenzake wote aliyahifadhi majina ya Kiafrika ya wenzake, akaliacha la kwake alilopewa. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Livingstone ndani ya kanisa la Westminster Abbey.

Freretown

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya ujumbe wa Mwingereza Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye CMS ikanunua ardhi upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikaanzisha kijiji cha watumwa walioachiwa huru na kukiita Freretown. Aliyekisimamia ni William Salter Price, yuleyule aliyekuwa mkuu wa Sharanpur, na Waafrika wapatao 150 kutoka Bombay wakarudishwa ili wawe walimu na mafundi wa wageni wapya. Palitundikwa kengele kubwa. Hadi leo mahali hapo panaitwa Kengeleni, na kila abiria wa matatu ya Nyali na Kisauni hulitaja jina hilo bila kufikiria maana yake.

Ishmael Semler na William Jones walikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka India. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa daraja la ushemasi, wakawa Waafrika wa kwanza wa pwani ya Kenya kulipata katika kanisa lao. James Deimler akafuata katika miaka ya 1890. Basi waumini wa Rabai na Freretown wakawa wanaongozwa na Mwafrika mwenye jina la mwokaji wa mikate wa Kijerumani. Hakuna babu yake aliyewahi kuwasha tanuri hilo, lakini Semler alilibeba jina hilo kwa heshima kubwa, akahubiri kwa Kiswahili, akawa baba wa kiroho wa watu waliokuwa wamepoteza baba zao wa damu.

Kazi yao haikuwa ya mimbarini tu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na Jones aliwapokea, jambo lililokaribia kuleta vita na mabwana zao. Mambo yalitulia pale kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo ilipokubali kuwalipa wenye watumwa fidia. Mnamo tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Kila hati ilihitaji jina. Kwa wengi wao, siku hiyo ndiyo ya kwanza jina lao kuandikwa kwenye karatasi iliyokuwa mali yao wenyewe.

Mbotela aliyebaki Mbotela

Miongoni mwa walioshushwa Freretown alikuwamo mtu mmoja kutoka nchi za Ziwa Nyasa, upande wa Malawi ya leo. Jina lake Mbotela. Wenzake wengi walitoka kwenye maji ya ubatizo wakiwa na majina ya Ulaya mwanzo hadi mwisho, na ya kwao yakasahaulika ndani ya kizazi kimoja. Jina la Mbotela halikusahaulika. Watoto wake walipata majina ya Kikristo kama watoto wengine wa misheni, lakini kila mmoja aliongezewa la baba mwishoni. Jina la mtu mmoja aliyenyang'anywa kwao likawa jina la ukoo.

Mwanawe, James Juma Mbotela, alikuwa mwalimu. Mwaka 1934 alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichosimulia kwa Kiswahili jinsi watu walivyotekwa bara, wakafungwa minyororo hadi pwani, wakaokolewa baharini na kuanza maisha Freretown. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikisoma shuleni, na mwaka 1956 kikatolewa kwa Kiingereza. Wanahistoria wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuyanyamazia mengine, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kitabu hicho kilifanya kazi ambayo hakuna hati ya serikali iliyoifanya, yaani kuwapa watu wa Freretown asili ya kusimulia. Ukoo usio na kaburi la babu wala shamba la urithi ulipata hadithi, na hadithi hiyo ilikuwa na jina lao juu ya jalada.

Waliosilimu

Waliofuata njia ya misheni walikuwa wachache. Wengi wa waliokuwa watumwa pwani walikuwa Waislamu au walisilimu, na wao walikuwa na utaratibu wao wa majina. Bwana alimwita mtumwa wake Mabruki, Baraka, Almasi, Feruzi au Majaliwa, majina ya bahati na ya vito ambayo mara nyingi mtu mwenye ukoo hakumwita nayo mwanawe. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watu hao walihitaji kuitwa bin nani.

Uislamu ulikuwa na jibu tayari. Kurani, katika sura ya Al-Ahzab, inaagiza watu waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani wahesabiwe ndugu katika dini. Kutokana na mafundisho hayo, aliyesilimu ambaye babake hakuwa Mwislamu au hakujulikana aliitwa bin Abdallah au binti Abdallah. Abdallah ni mja wa Mungu, na kila binadamu ni mja wa Mungu. Jina hilo lilimweka mtumwa wa jana na bwana wake wa jana kwenye safu moja ya sala. Mara nyingine aliyesilimu alichukua jina la yule aliyemsilimisha, ambaye tangu siku hiyo alikuwa kama mzazi wake, wa kuulizwa posa, wa kusimamia matanga.

Majengo

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na nyuma yake wakaja wapagazi, askari, wapishi, wachuuzi na wanawake waliokuwa wakijitafutia. Vijiji vikaota vyenyewe: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini. Wakoloni waliviona ni uchafu, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapima viwanja Pumwani, wakawahamishia huko watu wa vijiji kadhaa. Manispaa ilitoa kiwanja na kutoza kodi ya ardhi, na kila mtu akajijengea. Ndiyo maana watu wakapaita Majengo.

Nyumba zilikuwa za mtindo wa Kiswahili: kuta za udongo na fito, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma wa kupikia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vingine akavipangisha. Jambo la ajabu kwa mji wa kikoloni ni kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, karibu wanne kati ya kila kumi. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji mabibi wa Pumwani katika miaka ya 1970, aliandika jinsi walivyopata mtaji kwa kuuza pombe, chakula na miili yao, wakaugeuza kuwa nyumba. Si jambo la kuficha wala la kudharau. Walifanya katika mji uliojengwa kwa ajili ya wanaume kile ambacho sheria na mila za kwao ziliwanyima: walimiliki.

Msichana wa Kikuyu au wa Kikamba aliyefika Majengo akiwa amekimbia ndoa, njaa au ugomvi wa kwao, alikuwa amejitoa katika ukoo wa babake. Ardhi ya huko haikuwa yake tena. Alipotamka shahada alipata jina, na pamoja na jina alipata mama wa kumlea, mashoga wa kumuuguza, na msikiti wa kumzika. Baadhi waliunganisha majina mawili, la Kiislamu na la kwao, mfano wa Fatuma Wambui au Amina Mutheu. Wengine wakawa binti Abdallah moja kwa moja. Na walipojenga, ukoo mpya ulianzia kwao. Mrithi wa nyumba angeweza kuwa mtoto aliyemzaa, mtoto aliyemlea, au binti wa rafiki aliyefariki. Mtoto wa Majengo alipoulizwa ni wa nani, alitaja nyumba ya bibi yake.

Serikali haikuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imewachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wale ambao mtaa wa Kariokor umepata jina kwao. Makumi ya maelfu walikufa, na mishahara ya wengi haikufika kwa jamaa zao kwa kuwa jamaa hawakuweza kupatikana kutokana na kumbukumbu zilizoandikwa. Baada ya vita ikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, la babake, kabila, wilaya, alama za vidole na maelezo ya kazi, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku alipopinga mambo hayo alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukapigwa risasi katikati ya Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Kipande kilimtambua mtu kwa baba, kabila na wilaya. Mwanamke hakuwa na kipande, wala wanawake hawakuingizwa katika usajili wa vitambulisho sawa na wanaume hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa nusu karne, binti Abdallah wa Majengo aliishi kwa jina ambalo jirani, imamu na mpangaji walilijua vizuri, na ofisi ya usajili haikuliandika. Wajukuu wake ndio waliokuja kulipa. Mkazi wa Majengo anayeenda kuomba kitambulisho na kuulizwa kijiji cha asili cha babu yake anaulizwa jambo ambalo bibi yake aliliacha kwa makusudi mwaka 1925. Asili yake ni Majengo. Jibu hilo ni la kweli, na linastahili kupokelewa.

Jina linalotajwa na kila mtu

Watu wa Freretown nao walipanda gari moshi. Walijua kusoma, wakawa makarani, walimu na watu wa simu. Tom Mbotela, wa ukoo uleule, aliingia siasa za Nairobi akawa makamu wa rais wa chama cha KAU. Alikuwa mpinzani wa wazi wa Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi uliofuata Tom Mbotela aliuawa usiku karibu na Soko la Burma, Shauri Moyo, hatua chache tu kutoka Majengo. Mwaka 1953 akauawa diwani Ambrose Ofafa. Halmashauri ya Jiji ilipojenga mitaa mipya ya Waafrika kandokando ya barabara ambayo leo ni Jogoo Road, iliita mmoja Mbotela, na mingine ikabeba jina la Ofafa. Yalikuwa majina yenye siasa ndani yake, na wako ambao hawakuyapenda. Lakini maelfu ya watoto wamezaliwa na kukua Mbotela, na hao wamelifanya jina hilo kuwa la kwao.

Kisha akaja Leonard Mambo Mbotela, mwana wa James Juma, aliyezaliwa mwaka 1940. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimchukua nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Wakenya wengi zaidi wanamkumbuka kwa kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, alichokiendesha kwa zaidi ya nusu karne hadi uzeeni. Zamani za babu yake, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na mtumwa hakuwa na haki ya kuitwa hivyo. Mjukuu wa mtu aliyeshushwa kutoka jahazini aliwauliza Wakenya wote kila wiki kama matendo yao ni ya kiungwana, na nchi nzima ikakubali kwamba yeye ndiye wa kuuliza. Alifariki Februari 2025.

Kwa idadi ya watu, basi, Semler ni jina lililopita, Mbotela ni la wachache, na Abdallah ni la wengi. Lakini jina halipimwi kwa idadi ya walio nalo. Semler na Deimler waliwaonyesha watu wa pwani kwamba jina la kigeni linaweza kubebwa na mtu mweusi kwa hadhi yake mwenyewe. Mbotela aliwaonyesha kwamba la kwenu halipotei usipokubali lipotee. Na akina binti Abdallah wa Majengo walifanya kubwa kuliko hayo: walichukua jina la mtu asiye na baba, wakajenga nyumba juu yake, na nyumba hizo zikawa koo.

Nyumba za udongo za Majengo zinazidi kupungua, na majengo ya ghorofa yanapanda Eastlands nzima. Wajukuu wa mabibi hao wako Pumwani, Eastleigh, Mombasa na ng'ambo, na wengi wanajua jina moja tu la bibi yao. Waulizeni waliobaki, na muandike majina yote: la kwao kabla ya kuja mjini, la shahada, la aliyemsilimisha, la nyumba aliyojenga, na la kila mtoto aliyemlea hata kama hakumzaa. James Juma Mbotela aliwaandikia watu wa Freretown kitabu chao mwaka 1934. Majengo inastahili chake, na wa kukiandika ni watoto wa Majengo.